Shukrani kwa mama wa aproni ya kijani, Tissington

Mama, sikukuuliza jina, nalo linaniuma mpaka leo. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Sikukuu ya Kupaa, pale Tissington, Derbyshire, wanakijiji wakitayarisha mapambo ya visima vyao kama desturi: picha za petali za maua zinazopachikwa kwenye udongo juu ya mbao, kisha husimamishwa kando ya visima. Mimi nilisimama mlangoni nikichungulia tu. Ukanivutia kiti, ukanipa sahani ya petali za buluu.

Ulinieleza bila haraka: mbao hulowekwa kwanza, zisije zikafyonza maji ya udongo wa mfinyanzi, mchoro hutobolewa kwa sindano juu ya karatasi, petali hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikiilalia mwenzake, mvua iteleze. Nikakwambia ndivyo babu yangu alivyokuwa akiezeka makuti kwetu Lamu. Ukaweka kazi chini, ukaniuliza habari za babu mpaka chai ikapoa. Miezi saba nilikuwa Uingereza, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kwetu.

Siku ya sikukuu nilikutafuta kwenye umati, sikukuona. Bawa la njiwa tulilolipanga pamoja nililiona, halikudondosha hata petali moja. Ahsante sana, mama. Mungu akupe afya njema.