Kwa Mpwa Wangu: Kabla ya Basi la Usiku, Pitia Jeevanjee

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba utakuja Nairobi kikazi, na kwamba utabakiwa na saa kadhaa kabla ya kupanda basi la usiku la kurudi Mombasa. Tafadhali usizimalizie katika mkahawa, ambamo huketi mpaka uagize kitu. Nenda Bustani ya Jeevanjee, baina ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Muindi Mbingu, ambako hutaulizwa umenunua nini.

Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda na ambaye pia alianzisha gazeti la African Standard huko kwenu Mombasa, aliitengeneza kwa fedha zake na kuikabidhi kwa umma mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado mji mchanga. Aliweka humo sanamu ya Malkia Victoria, jambo ambalo binafsi sikulipenda kamwe, ingawa ni mtu huyo huyo aliyekuja kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwapinga walowezi waliotaka kila kilicho bora kiwe chao. Sanamu yenyewe iliharibiwa mwaka 2015.

Bustani nayo ilinusurika chupuchupu. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga hapo maduka na maegesho ya magari, na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akaongoza upinzani wa wakazi hadi mpango huo ukaachwa. Kuwapinga wakubwa wakati huo, chama kikiwa kimoja tu nchini, hakukuwa mchezo.

Ukifika mchana utawakuta wahubiri wakishindana kwa sauti, vijana wanaotafuta kazi wamejilaza nyasini, na makarani wakipumzika kidogo kabla ya kurejea ofisini. Wasikilize zaidi wale wa Bunge la Mwananchi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana hapo kujadili siasa, bei ya unga na mengineyo, bila kujali msemaji amesoma au hakusoma. Mimi huwathamini kuliko wachambuzi wengi wa runinga, kwa kuwa hapo anayesema uongo hukatizwa papo hapo.

Mkoba wako uupakate, simu uitie mfuko wa ndani, na wakianza kujadili bandari, usinyamaze: wewe ndiwe utakayekuwa umetoka huko.

Wako,
Mjomba