Malalamiko Kuhusu Uhakiki Wangu wa Onimusha Mliouchapisha kwa Jina la Mtu Mwingine

Dar es Salaam,
18 Agosti 2025

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Nakuandikia kwa heshima yote inayostahili nafasi yako, na naomba heshima hiyo isisomwe kuwa ni woga. Uhakiki wa gemu ya samurai iitwayo Onimusha: Warlords uliotoka katika toleo lenu la Julai ni kazi yangu. Niliuandika mimi tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, isipokuwa zile sentensi za uongo zilizopachikwa ndani yake, ambazo nitazitaja moja moja. Juu ya kurasa zile mbili limewekwa jina la mkuu wenu wa kitengo cha michezo ya video. Masharti yenu kuhusu waandishi wa nje mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa mliyatunga wenyewe na mkanipa niyasaini, kwa hiyo sitakuchosha kwa kuyarudia.

Jumatano tarehe 6 Agosti nilifika ofisini kwenu saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka saa nane na nusu mchana, nakala ya uhakiki wangu ikiwa mkononi. Mkuu wa kitengo alipotoka hakunikaribisha ndani wala hakunisalimia. Alisimama katikati ya mapokezi, mbele ya dada anayepokea wageni, mbele ya vijana watatu wanaojifunza kazi na mteja aliyekuja kulipia tangazo, akachukua karatasi zangu na kusoma aya ya kwanza kwa sauti ya kuigiza mtoto mdogo. Kisha akasema: "Mtu mzima mwenye ndevu analilia gemu? Hivi ni vitu vya watoto. Nani atauliza vimeandikwa na nani?" Vijana wakacheka. Akamwita mlinzi anisindikize nje.

Nina umri wa miaka 46, na gemu hii niliifahamu nikiwa kijana, ilipokuwa ikichezwa kwenye PlayStation 2. Mhariri wenu msaidizi aliponipigia simu mwezi Mei, wakati gemu ya pili ya mfululizo huu ilipotolewa upya, alinitaka mimi kwa sababu hiyo hiyo, niwaeleze wasomaji walikotoka shujaa wake Samanosuke na mazimwi anayopigana nayo. Nililichukua toleo jipya la mwaka 2019, nikalicheza mpaka mwisho mara mbili, kisha nikaandika maneno 1,900. Nilimtumia tarehe 9 Juni, na jibu lake la kunishukuru ninalo.

Sasa tazama mlichokifanya. Niliandika kwamba gemu inaanzia kwenye vita vya Okehazama vya mwaka 1560, ambapo Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, anapigwa mshale wa koo akiwa katika kilele cha ushindi wake, na nikasisitiza kwamba huo ni ubunifu wa watunzi. Nobunaga wa historia alishinda Okehazama na akatoka hai. Aliyeuawa pale ni adui yake, Imagawa Yoshimoto. Nobunaga alikufa mwaka 1582 katika hekalu la Honno-ji mjini Kyoto, baada ya jemadari wake Akechi Mitsuhide kumgeuka. Nililieleza jambo hilo kwa aya nzima, kwa kuwa shujaa wa gemu naye anaitwa Akechi, Samanosuke Akechi, na mchezaji wa Kijapani anapolisikia jina hilo katika dakika za mwanzo anajua tayari kuna deni gani kati ya ukoo huo na Nobunaga. Aya yote mmeifuta, na mahali pake mmeandika kwamba Nobunaga "aliuawa Okehazama kama historia inavyotufundisha." Hakuna historia inayofundisha hivyo. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyesoma toleo lenu aliniuliza kama ni kweli, maana alikuwa akijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika habari hizo, na nilishindwa hata namna ya kumjibu.

Halafu kuna suala la upanga. Neno "upanga" mmelibadilisha kila mahali kuwa "panga", hata tunaposoma juu ya "panga la Samanosuke." Panga ni la kufyekea shamba na kukatia kuni. Upanga wa samurai ni kitu kingine, na msomaji wa Kiswahili anastahili kuandikiwa kwa Kiswahili sahihi hata kama habari yenyewe ni ya gemu. Upanga wa radi katika gemu hii unaitwa Raizan, wa moto Enryuu, na silaha ya upepo Shippuu. Nilieleza ni wakati gani kila moja inafaa, na kwamba toleo la 2019 linakuruhusu kuzibadilisha papo hapo bila kufungua menyu. Mmeacha majina matupu.

Lililoniuma zaidi katika maandishi yenyewe ni sentensi hii mliyoiingiza: "Bonyeza vitufe ovyo ovyo, maadui wataanguka." Ndugu Mkurugenzi, mtu yeyote aliyeicheza gemu hii kwa nusu saa asingeandika hivyo. Ni kweli kwamba ni gemu ya kufyeka maadui, na wapo wachezaji wanaoichezea hivyo hivyo mpaka wanapokutana na mazimwi makubwa na kushindwa. Lakini kiini chake ni pigo liitwalo issen. Unasimama, unamngoja adui, unaacha silaha yake ianze kushuka kuelekea kichwani pako, na katika lile tundu dogo la muda ndipo unapopiga, naye anaanguka kwa pigo moja. Ukiwahi kidogo, umepiga pigo la kawaida. Ukichelewa kidogo, umekatwa wewe. Nilitumia jioni tatu katika vyumba vya ngome ya Inabayama nikijifunza tena wakati huo, na nilipoupata niliandika kwamba gemu hii inamfundisha mchezaji subira kuliko inavyomfundisha fujo. Sentensi hiyo nilikuwa nikijivunia, na mmeifuta.

Mmefuta pia habari ya roho. Zimwi likifa, roho hutoka ndani yake, nyekundu za kuongezea silaha nguvu, za bluu za kurudishia uwezo wa radi, moto au upepo, za njano za kuponya majeraha, na Samanosuke huzivuta kwa glavu aliyopewa na ukoo wa oni, viumbe wa ngano za Kijapani. Anapozivuta hawezi kupigana. Mazimwi yaliyobaki hayamsubiri. Kwa hiyo kila baada ya kifo kimoja mchezaji anaamua upya: nivute sasa nikiwa hatarini, au nipigane kwanza huku roho zikififia hewani? Mara nyingi nilizokufa, tamaa ya roho nyekundu ndiyo iliyoniua. Huo ndio uhakiki, kumweleza msomaji kile ambacho mikono yake itakutana nacho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sikuisifu gemu hii kwa kila kitu. Niliandika kwamba wazo lake lilizaliwa kama Resident Evil, ile gemu ya kutisha, ya zama za Sengoku, yaani zama za vita vya wababe wa Japani, na ndiyo maana kamera yake imefungwa mahali pamoja na mandhari nyingi ni picha zilizochorwa kabla. Mara kwa mara unasikia zimwi likikoroma na hulioni, kwa sababu lipo upande wa picha ambao kamera haijafika. Unakimbia kuelekea mlangoni, picha inabadilika, na mwelekeo nao unakupotea. Toleo jipya limerekebisha namna ya kutembea lakini kamera imebaki ile ile. Niliandika pia kwamba gemu ni fupi, kwamba niliimaliza mara ya kwanza kwa saa sita na mara ya pili chini ya saa tano, na anayeinunua kwa fedha ya kujibana anastahili kulijua hilo. Niliipa alama 7 kati ya 10. Mliyochapisha ni 9.5, aya ya kamera haipo, na mmeandika kwamba ina "saa arobaini za mapambano." Saa arobaini mmezitoa wapi? Kuna kijana atakayenunua gemu hii kwa kuziamini, amalize Jumapili moja, na anayelaumiwa ataonekana kuwa ni mhakiki.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini sikukueleza habari ya karatasi, na siwezi kuiacha.

Siku ile mapokezini, mkuu wenu alipomaliza kuniigiza sauti ya mtoto, alinirudishia karatasi kwa kuzisukuma kifuani pangu, na ukurasa mmoja ukaanguka. Hakuuokota. Aliposema "nani atauliza vimeandikwa na nani" alikuwa ameukanyaga kwa ncha ya kiatu, na sidhani kama alijua. Mimi nilikuwa nikiutazama huo ukurasa, siwatazami vijana waliokuwa wakicheka. Ulikuwa ukurasa wa sita, unaohusu muziki. Niliandika humo kwamba muziki wa gemu ya mwaka 2001 ulitangazwa kuwa kazi ya Mamoru Samuragochi, aliyesifiwa sana nchini Japani, na kwamba mwezi Februari 2014 Takashi Niigaki alijitokeza hadharani kueleza kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimtungia muziki kwa miaka 18, huku jina likiwa la mwenzake. Toleo la 2019 lilitolewa likiwa na muziki mpya. Kwenye uchapishaji wenu mmeandika kwamba lina "muziki ule ule wa asili," jambo lisilo kweli, na habari yote ya Niigaki mmeiondoa. Huo ndio ukurasa uliokuwa chini ya kiatu cha mtu aliyeweka jina lake juu ya kazi yangu. Mlinzi ndiye aliyeinama akauokota, akaupangusa kwa kiganja, akanipa na kuniambia, "Pole, kaka." Katika ofisi yenu nzima ni yeye peke yake aliyeniambia neno hilo.

Nilikuwa nataka mambo mawili tu: jina langu lirudishwe, na uhakiki wangu uchapishwe kama nilivyouandika, pamoja na alama 7. Bado nayataka. Nayataka katika toleo la Septemba, ukurasa ule ule na kwa maandishi ya ukubwa ule ule, na makosa ya Okehazama, ya muziki na ya saa arobaini yasahihishwe kwa kutajwa wazi. Nataka pia malipo yangu ya shilingi 180,000 ambayo mpaka leo hayajafika, na ambayo mhasibu wenu ananiambia hayaoni kwa kuwa kazi hiyo "imeandikwa na mfanyakazi wa ndani." Na baada ya kuandika habari ya ukurasa wa sita naona haitoshi. Nataka mkuu wa kitengo aniombe radhi pale pale mapokezini, mbele ya dada yule, vijana wale watatu na mlinzi. Sitakubali radhi ya simu wala ya barua pepe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Mmezivunja zote mbili katika kurasa mbili. Ninayo barua pepe ya tarehe 9 Juni na jibu lake, ninayo rasimu tangu siku ya kwanza nilipoanza kuandika, na rekodi za mchezo katika mashine yangu zinaonyesha tarehe na saa nilizocheza. Mkuu wenu naye aonyeshe za kwake. Awashe gemu mbele ya mtu yeyote mnayemwamini, apige issen moja tu. Waandishi wengine wawili wa nje wameniambia kwamba yaliyonipata mimi yaliwapata na wao, na wako tayari kusema.

Nakupa mpaka Jumatatu tarehe 1 Septemba. Siku hiyo nisipopata jibu la maandishi lenye saini yako, nitapeleka vielelezo vyote COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kutoka hapo kwa wakili, na madai hayatakuwa tena shilingi 180,000. Nitakuja mwenyewe kulichukua jibu, saa tatu asubuhi, nikiwa na ukurasa wa sita wenye alama ya kiatu, na safari hii sitakaa kwenye benchi.

Wako,

Mwandishi wa uhakiki wa Onimusha: Warlords, toleo lenu la Julai