Nyumbani kuna nani?

Mhariri,

Nilipofanyiwa upasuaji wa kuondoa titi kwa sababu ya saratani, muuguzi aliniuliza, "Nyumbani kuna nani?" Nikamjibu, niko peke yangu. Akaandika, akaendelea na mengine.

Hakuna aliyenidokezea kwamba blauzi ya kupitisha kichwani haivaliki mkono usiponyanyuka, wala kwamba sufuria ya kila siku ilifaa niishushe kutoka kabati la juu kabla ya kulazwa. Kichupa cha mrija unaotoa majimaji kidondani nilijifunza kukimwaga mwenyewe mbele ya kioo, nikiandika kipimo asubuhi na jioni. Usiku ndio mgumu: wekundu huu ni wa kawaida au kidonda kimeingia vijidudu? Na hakuna wa kumwonyesha.

Ombi langu kwa hospitali ni dogo. Anayeishi peke yake aelezwe haya kabla ya upasuaji, si siku ya kuruhusiwa akiwa bado ana usingizi wa dawa. Aonyeshwe mazoezi ya bega, atajiwe dalili za kurudi haraka (homa, usaha, mkono kuvimba), kisha apigiwe simu siku ya pili au ya tatu. Mimi simu hiyo niliisubiri.

Msomaji wenu