Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miaka 40 Bila Rubani Michael J. Smith

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya ada yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa. Naomba muda wangu niutumie kwa kikao cha Januari, tulipokutana kuadhimisha miaka 40 ya ajali ya Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani.

Karibu kila aliyehudhuria alilijua jina la Christa McAuliffe, mwalimu aliyekuwemo chomboni, naye anastahili. Lakini aliyekaa kulia kwa kamanda Dick Scobee, rubani Michael J. Smith, wachache walimfahamu. Jambo hilo liliniuma.

Smith alizaliwa mwaka 1945 na kukulia Beaufort, North Carolina, jirani na kiwanja kidogo cha ndege ambacho leo kina jina lake. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani, Annapolis, mwaka 1967, akapigana Vietnam akirusha ndege za kivita aina ya A-6 Intruder kutoka manowari ya kubeba ndege, Kitty Hawk, na mwaka 1974 akamaliza shule ya marubani wa majaribio ya jeshi hilo, Patuxent River. Aliruka zaidi ya saa 4,800 katika aina 28 za ndege. Rubani wa majaribio hukipeleka chombo mpaka kikomo cha uwezo wake, kikikorofisha hutafuta chanzo angani hukohuko, akishuka anaeleza kila kitu bila kuficha, ili wenzake wasife kwa kasoro ileile.

Januari 28, 1986 kulipambazuka baridi kali Florida. Usiku uliotangulia, wahandisi wa Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za pembeni, walisihi safari iahirishwe, kwa kuwa mpira wa kuziba maungio hukakamaa kwenye baridi. Wakubwa wakaamua iendelee. Tume ya Rogers, iliyochunguza ajali hiyo, baadaye ilisema wazi kwamba utaratibu wa kufikia uamuzi ule ulikuwa na kasoro, nami bado naona uchungu nikiusoma.

Ilikuwa safari ya kwanza ya Smith kwenda anga za juu. Sekunde ya 73 chombo kilisambaratika. Chumba cha marubani kilichomoka, kikaendelea kupanda hadi kilomita 20 hivi, kisha kikaangukia Atlantiki dakika 2 na sekunde 45 baada ya kusambaratika.

Mabaki yalipoopolewa, swichi kadhaa za umeme upande wa Smith zilikutwa zimegeuzwa. Ni swichi zenye kufuli: huzigeuzi mpaka uzivute kwanza. Vipimo vilionyesha kwamba si mlipuko wala kishindo cha kugonga maji kingeweza kuzisogeza. Kifaa chake cha hewa ya dharura nacho kilikuwa kimefunguliwa, na kwa kuwa kilikaa nyuma ya kiti chake, huenda mwenzake wa nyuma ndiye aliyemfungulia. Hatujui walibaki na fahamu kwa muda gani. Ila ninavyoelewa mimi, Smith alikuwa akitafuta umeme. Alikuwa kazini.

Kamati inapendekeza kikao cha Januari kiwe cha kila mwaka. Mwakani tumzungumzie William McCool, naye afisa wa majini na rubani wa majaribio, aliyefariki na wenzake sita ndani ya Columbia, chombo kingine cha aina ya Challenger, Februari 1, 2003. Tutapiga kura mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina.