Barua ya wazi kwa mabinti zetu wanaoigiza Marekani: someni alivyokataa Cicely Tyson

Wajukuu zangu, mabinti wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo mnaohangaika na usaili wa filamu na televisheni huku New Jersey na ng'ambo ya mto New York,

Salamu kwanza. Baada ya salamu, nawaambia wazi kwamba nawaandikia nikiwa nimeudhika.

Juzi kwenye harusi mmoja wenu aliniletea simu nione kipande cha filamu alichoigiza. Nikavaa miwani, nikakaa vizuri. Nikamwona binti yetu, msomi wa chuo, anayejua Kiswahili, Kiingereza na lugha ya bibi yake mzaa mama, amevishwa matambara, ana kapu kichwani, anakimbia huku na huku akitoa sauti ambazo si lugha ya mtu yeyote chini ya jua. Mama mmoja wa Kikongo aliyekaa karibu yangu akauliza, "Anasema nini huyu?" Mkacheka. Mkatueleza kwamba mwongozaji alisema atoe sauti zozote, mradi zisikike za Kiafrika. Akazitoa, akalipwa, na meza nzima ikapiga makofi.

Sikusema neno pale, maana harusi ya watu haiharibiwi. Nasema sasa.

Nilipowauliza siku ileile kama mnamjua mwigizaji Cicely Tyson, mmoja tu ndiye aliyejibu, tena kwa kubahatisha: "Si yule bibi aliyekuwa mama yake Annalise?" Ndiye, mama wa yule wakili wa tamthilia ya How to Get Away with Murder. Lakini hapa East Orange kuna shule nzima ya sanaa yenye jina lake, na wengine wenu mnapita mbele yake mkienda kupanda basi. Mtu huyu alifanya kazi mnayoitaka nyinyi kwa zaidi ya miaka 60, katika nchi hiihii, akiwa na ngozi hiihii, na mlango aliokuta ulikuwa mwembamba kuliko wenu. Kutomjua kwenu kunanisikitisha kuliko hicho kipande cha filamu.

Basi mjueni. Alizaliwa Harlem tarehe 19 Desemba 1924. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kama wazazi wenu, walitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Baba alikuwa seremala na fundi rangi, mama akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Ilikuwa nyumba ya sala, sinema ni marufuku. Akiwa na miaka 17 alipata mimba, akaolewa na baba wa mtoto, ndoa haikukaa, akabaki na binti wa kulea. Akawa karani wa Msalaba Mwekundu, kutwa kucha anapiga taipu, mpaka siku aliposimama ofisini akawatangazia wenzake kwamba Mungu hakumleta duniani apige taipu maisha yake yote. Akaingia kwenye uanamitindo, kisha uigizaji, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Wale mnaolia kwamba mmechelewa kwa kuwa mna miaka 26, mmesikia?

Mwaka 1963 alipata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni ya CBS iliyoitwa East Side/West Side. Alicheza kama karani wa ofisi ya ustawi wa jamii, mtu mwenye akili na kazi yake, si yaya wala kichekesho. Tena alionekana na nywele zake mwenyewe, fupi, za kipilipili, zisizotiwa dawa wala kunyooshwa. Alikuwa amezikata mapema kwa ajili ya mchezo mwingine wa televisheni, ambamo alicheza kama mwanamke wa Kiafrika. Alikwenda kwa kinyozi Harlem, akaketi, akasema ziondolewe. Wakati huo wanawake weusi wa Marekani walikuwa wakinyoosha nywele kwa chanuo la moto mpaka masikio yanababuka. Wasusi na watengeneza nywele walimwandikia barua kulalamika kwamba anawaharibia biashara, kwa sababu wateja wameanza kukata nywele kama yeye. Hakuhutubia mtu. Alikaa tu mbele ya kamera na kichwa chake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kukataa.

Mwaka 1972 ilitoka filamu ya Sounder, hadithi ya familia ya weusi kule Louisiana mwaka 1933, wanaolima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Baba anaiba nyama ili watoto wale, anafungwa, na mama Rebecca anabaki na shamba na watoto. Mwanzoni walitaka kumpa Cicely nafasi ya mwalimu wa shule, kwa kuwa walimwona mrembo mno kuwa mke wa mkulima. Akasema anamtaka Rebecca, na akampata. Itafuteni filamu hiyo muione siku mume anaporudi. Mama yuko nyumbani na kazi zake, mbali barabarani anaona mtu anachechemea. Anatazama. Anatazama tena. Kisha anaanza kukimbia, mikono imefunguka, anaita jina la mumewe, na mbio zile hazina urembo wowote ndani yake, ni mbio za mke aliyelala peke yake siku nyingi asijue kama mwenziwe yu hai. Hakuna maneno ya maana pale. Lakini hakuna anayetazama akauliza, "Anasema nini huyu?"

Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar, mwaka mmoja na Diana Ross. Hawakupata, alipata Liza Minnelli. Lakini kilichombadilisha kilitokea alipokuwa akiitangaza filamu ile. Mwandishi mmoja mzungu alimwambia kwamba alipoitazama aligundua ubaguzi uliomo ndani yake mwenyewe: hakujisikia vizuri kumsikia yule kijana mweusi akimwita baba yake kwa jina lilelile ambalo watoto wake yeye humwitia. Fikirini hilo. Mtu mzima, msomi, hajawahi kuwaza kwamba mtoto mweusi ana baba kama watoto wake walivyo na baba. Cicely alisimulia mara nyingi kwamba baada ya hapo aliamua kuwa kazi yake itumike kuonyesha kwamba sisi ni watu. Hiyo ikawa mizani yake. Skripti ikija, alisema, ama ngozi inamsisimka ama tumbo linachafuka; likichafuka, harudi nyuma kujishawishi.

Na msije mkadhani alikataa umaskini. Hapa ndipo wengi wenu mnapokosea, mnasema, "Bibi, tusipocheza kama watu wa kijijini tutacheza kama nani?" Yeye alicheza kama mkulima fukara. Mwaka 1974, kwenye filamu ya televisheni The Autobiography of Miss Jane Pittman, alicheza kama mwanamke aliyezaliwa utumwani, akamfuata kutoka ujana mpaka umri wa miaka 110. Alikwenda kwenye nyumba za wazee kuwatazama wanavyotembea, wanavyonyamaza, wanavyoshika vitu, na kila siku alikaa saa kadhaa akibandikwa sura ya ukongwe. Mwisho wa hadithi bibi yule anakwenda na mkongojo wake, hatua kwa hatua, mbele ya askari, anainama kunywa maji kwenye bomba la wazungu peke yao, anageuka, anarudi. Akapata Emmy mbili, tuzo za televisheni, mwaka huohuo. Mwaka 2011, kwenye The Help, alicheza tena kama mtumishi wa nyumbani. Matambara hayakumtisha. Alichokataa ni mtu asiye na jina, asiye na mama, asiye na lugha, aliyewekwa pale ili wengine wacheke au waogope.

Mnataka mfano wa mwanamke wa Kiafrika? Tazameni Roots, tamthilia ya televisheni ya mwaka 1977. Mwanzo kabisa ni kijiji cha Juffure, Gambia, mwaka 1750, na Cicely ni Binta, anajifungua. Yule mtoto ni Kunta Kinte, ambaye baadaye anatekwa na kupelekwa utumwani Marekani. Mamilioni ya Wamarekani walikutana na Afrika kwenye televisheni kupitia uchungu wa mama yule, jasho lake, na macho yake kwa mtoto. Yeye mwenyewe mtoto wa Harlem, wazazi wa Karibi, alimpa mama wa Kiafrika heshima hiyo. Halafu binti yetu sisi, ambaye bibi yake amezaa kwenye mkeka na kukanda unga kwa mikono yake, anamfanya mama huyohuyo kichekesho kwa malipo ya siku moja. Hilo limenichoma, na sitalifunika.

Kukataa kunauma, nisiwadanganye. Enzi zile filamu zilizowapa weusi kazi nyingi zilijaa makahaba na wauza unga, na yeye alizipisha. Kuna vipindi alikaa muda mrefu bila kazi. Mtengeneza filamu Tyler Perry amesimulia kwamba kwa Sounder, filamu iliyompeleka kwenye Oscar, Cicely alilipwa dola 6,000 tu. Ndiyo maana Perry alipompa nafasi kwenye filamu yake alimlipa dola milioni moja kwa kazi ya siku moja. Lakini hapo alikuwa ameshapita miaka 80. Nani kati yenu yuko tayari kungoja hivyo? Siulizi kwa kuwasuta. Nauliza kwa sababu mnalipa kodi ya nyumba, mnafanya kazi usiku kwenye maghala na nyumba za wazee, na asubuhi mnakwenda usaili bila kulala.

Kwa hiyo amueni mapema. Mkiwa nyumbani, mmeshiba, hakuna anayewatazama, andikeni kwenye daftari yale ambayo hamtayafanya. Ukingoja kuamua mbele ya mwongozaji, taa zimewaka, watu arobaini wanangoja, utasema ndiyo. Na kukataa si lazima kuwe kuondoka. Binti yule angeweza kusema, "Nipeni dakika tano, nitawaandikia maneno ya kweli kwa Kiswahili." Pengine wangekubali, maana wengi wao hawana chuki, ni wavivu tu. Wakigoma, hapo sasa chukua mkoba wako.

Mengine nayataja tu. Someni kazi yenu, msitegemee sura. Msiolewe na kipaji cha mtu. Cicely aliolewa na Miles Davis mwaka 1981, bingwa wa tarumbeta na mateka wa uraibu, na ndoa ikavunjika kabla ya miaka kumi. Tunzeni afya. Someni mkataba kabla ya kutia saini. Kumbukeni watoto: kitabu cha maisha yake, kilichotoka siku mbili kabla hajafariki Januari 2021, amekitabarukia binti yake, akikiri kwamba ndiye aliyelipa gharama kubwa kuliko wote.

Nawageukia wazazi, kwa sababu kosa si la watoto peke yao. Mama yake Cicely alimfukuza nyumbani aliposikia binti yake anaigiza, wakakaa bila kusemezana kama miaka miwili. Kwake jukwaa lilikuwa dhambi. Walipatana baadaye, lakini ile miaka haikurudi. Na sisi je? Mtoto akisema uigizaji tunasema uhuni. Tunajua unesi, uhasibu na kompyuta. Tunamnyima nauli, tunamnyima dua, tunamnyima hata sikio. Halafu akionekana kwenye skrini sekunde kumi, sisi ndio wa kwanza kurusha kipande kwenye makundi yote ya ukoo, hatuulizi alichofanyiwa pale. Mtoto anayepigiwa makofi kwa chochote atajuaje kipi kibaya? Makofi ya meza ile yalikuwa ya watu wazima.

Kuna binti mmoja wa Central Falls, Rhode Island, nyumba yao ya dhiki kwelikweli, aliyemwona Cicely kwenye televisheni akiwa Miss Jane Pittman, na hapo akajua anataka kuwa nani. Huyo ni Viola Davis. Mwaka 2015, kwenye How to Get Away with Murder, Cicely akaja kuwa mama yake. Binti ni wakili mkubwa, mlevi, amevunjika. Mama amemkalisha sakafuni katikati ya magoti yake, anamchana nywele. Kitana kinapita taratibu, na pale ndipo yale mabaya ya utotoni yanapotoka. Mnalijua pozi lile, mmesukwa hivyo nyote. Cicely alikuwa na miaka 90. Miaka miwili nyuma alikuwa ametwaa Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, akiwa na miaka 88, kwa mchezo wa The Trip to Bountiful pale Broadway, New York, ambako watazamaji walikuwa wakiimba naye wimbo wa dini ukumbini bila kualikwa. Oscar ya heshima alipewa mwaka 2018.

Sasa nina ombi kwa akina mama wa kikundi chetu, na hili tutalijadili kwenye kikao kijacho. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunasafirisha maiti mpaka Kigoma na Kisumu bila kulegalega. Tuanzishe mfuko mdogo wa mabinti hawa. Atakayekataa kazi ya kumdhalilisha, akaja na skripti tukaisoma tukaona kweli, tumlipie kodi ya mwezi ule. Mimi natangulia kutoa mchango wangu. Na nyinyi wajukuu, leteni hizo skripti kabla ya usaili, hata usiku. Huyo wa kapu naye aje. Simkasirikii yeye, na nataka tukae tutafute maneno ambayo angeyasema mama yule kama angepewa ulimi.

Ni mimi bibi yenu,
East Orange, New Jersey