Risala ya Akina Mama wa Vitalu kwa Mgeni wa Heshima Anayewania Ubunge

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wa kijiji, mchungaji wetu na padri, walimu, akina mama wenzetu, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo nyote!

Chifu ametuma salamu. Yeye ni mtumishi wa umma, na kwa kuwa mgeni wetu ameshatangaza kwamba atawania ubunge Agosti 2027, ameona asije kukaa kwenye hema hili. Tumemwelewa, na sahani yake tumemwekea.

Mama, karibu sana. Sisi ni kikundi cha wanawake 34 tunaootesha miche ya miti na kuiuza. Tulianza na debe moja la mbegu na pakiti tupu za maziwa zilizookotwa nyuma ya hoteli, na leo vitalu vyetu vinaanzia hapo kwenye ua wa kei-apple mpaka ng'ambo ya mfereji. Utavitembelea baada ya chakula, ukivumilia matope.

Kabla hatujaendelea tuna ungamo. Katibu wako alitutumia wasifu wako, kurasa nne zilizochapwa vizuri, tuusome hapa mbele yako. Tuliusoma kwenye kikao cha Jumanne, kisha tukaurudisha kwenye bahasha. Hauna kasoro hata moja. Ila waliokaa hapa wanakujua. Walikuona ukiwa msichana ukibeba maziwa alfajiri, wengi wakakupigia kura kwenye mchujo wa chama uliopita, na wengine, tuseme ukweli tu, hawakukupigia. Kukusomea sifa zako mbele yao ni kama kumwonyesha mwenye shamba mpaka wake.

Badala yake tumekuletea wasifu wa mwanamke mwingine, mzaliwa wa kaunti hii yetu ya Nyeri, aliyetafuta kiti cha bunge mara nne na kukipata mara moja. Profesa Wangari Maathai. Sisi si watu wa Tetu, eneobunge lake, ni majirani tu, lakini jirani naye huona moshi wa jikoni.

Watu wakimtaja Profesa huanzia Oslo, alikopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisi tunaanzia kwenye kampeni, tena kampeni ambayo hata haikuwa yake.

Alizaliwa Aprili 1, 1940, kijijini Ihithe. Akasoma shule ya msingi hapo hapo, akaenda kwa masista kule Mathari, kisha shule ya upili ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 akawa mmoja wa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma. Aliporudi alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Haya watoto wetu wanayasoma shuleni. Yasiyosemwa sana ni kwamba mumewe, Mwangi Mathai, aliwania ubunge wa Lang'ata mwaka 1969 akashindwa, akarudi tena mwaka 1974 akashinda. Mke wake alizunguka naye kutafuta kura. Alikaribisha wageni nyumbani, akapika, akapakua, huku wengine wakimchunguza kama msomi yule anajua kuwa mke wa Kiafrika au amekuwa Mzungu mweusi. Wewe mama unayajua macho hayo.

Katika kampeni ile ya 1974 watu waliahidiwa kazi. Kura zikahesabiwa, kiti kikapatikana, na bibi wa mheshimiwa akauliza: wale tuliowaahidi kazi tunawafanyia nini? Jibu alilopata ni lile tunalolijua sote. Hayo yalikuwa ya kampeni, na kampeni imekwisha.

Yeye hakuweza kulala na jibu hilo. Akaanzisha kampuni ndogo ya kupanda na kutunza miti na bustani, ili wale watu wapate kibarua. Kampuni ilikufa. Kulikuwa na ukame, maji yakawa ya mgao, na miche karibu yote ikakauka. Hapo sisi wenyewe, tuliposoma, tulicheka kwa uchungu, maana mwaka wetu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo: asubuhi moja tulikuta safu nzima ya miche imeinama kama waumini wakati wa sala, na hakuna iliyoinuka.

Lakini wazo halikufa. Juni 5, 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, aliongoza msafara kutoka jumba la mikutano la Kenyatta mpaka bustani ya Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Hapo ndipo Green Belt Movement, lile vuguvugu lake la kupanda miti, ilipozaliwa. Katika miti ile saba, alivyosimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, iliyobaki hai ilikuwa miwili. Halafu akaweka utaratibu ambao kikundi chetu kinaufuata mpaka leo: mama halipwi kwa mche aliouchomeka ardhini, analipwa kwa mche ulioshika. Unarudi baada ya miezi kadhaa, unahesabu iliyo hai, hiyo ndiyo unayolipia. Kwa utaratibu huo wanawake walifikisha zaidi ya miti milioni 30 kufikia mwaka alipopewa Nobel.

Mgeni wetu, ukituuliza kwa nini tumeichagua hadithi hii, jibu ni huo utaratibu. Tutaurudia mwishoni.

Sasa tuje kwenye kura zake mwenyewe, na hapa tunaomba usikilize kama mwaniaji.

Mwaka 1982 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa kiti cha Nyeri. Ndoa yake ilikuwa imevunjwa mahakamani mwaka 1979, ana watoto watatu, na mshahara wake ni wa chuo kikuu. Sheria ilimtaka ajiuzulu kazi ndipo awanie. Alikuwa amefundisha pale tangu 1966. Akaandika barua, akaipeleka. Alipofika kwa maafisa wa uchaguzi akaambiwa hawezi kuwania, kwa sababu hakujisajili kuwa mpiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa 1979. Akaenda mahakamani kupinga, akashindwa. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi haipo, na baada ya hapo akatakiwa aihame nyumba ya chuo. Kwa hatua hizo chache akakosa kiti, kazi na nyumba, na hakuna hata mpiga kura mmoja aliyekuwa amepewa karatasi ya kumkataa.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliposikia sehemu hii aliweka chini jembe dogo, akauliza: "Yaani hakushindwa na watu, alishindwa na daftari?" Ndiyo, mama. Na daftari hilo bado lipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 99, inasema anayetaka kuwa mbunge lazima awe amesajiliwa kuwa mpiga kura. Anayesimama bila chama anahitaji wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge lile wamuunge mkono. Mtumishi wa umma bado anatakiwa kuiacha kazi yake kwanza. Kwa hiyo tunakuomba, kabla ya kuchapisha fulana na mabango, hakikisha jina lako liko pale unapodhani liko. Tunasema kwa uzoefu. Kwenye mchujo uliopita, wanachama 5 wa kikundi hiki walifika kituoni saa kumi na moja asubuhi na blanketi mabegani, wakaambiwa majina hayaonekani. Chama hatukitaji, wahusika wanajijua. Mmoja wao alirudi nyumbani akakamua ng'ombe akiwa bado na nguo za Jumapili.

Mara ya pili ilikuwa 1997. Wakati huo sheria ilitaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, kwa hiyo aliyewania urais alilazimika kuwania na kiti cha eneobunge. Profesa alijitosa katika vyote viwili, urais na ubunge wa Tetu, kwa tiketi ya Liberal Party of Kenya, tena alitangaza mwishoni mwa Novemba wakati uchaguzi ulikuwa Desemba 29. Siku chache kabla ya kura, habari zikachapishwa kwamba amejiondoa. Hakuwa amejiondoa. Alishindwa vyote. Sisi tunaona, na kila mtu na maoni yake, kwamba hata bila uongo ule asingeshinda: mwezi mmoja hautoshi hata kuotesha mbegu ya muiri. Lakini uongo ule ulimnyima haki ya kushindwa vizuri.

Tukumbuke huyu ndiye aliyelipinga lile jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, mpaka likaachwa. Ndiye aliyekaa na mama za wafungwa wa kisiasa mwaka 1992 wakigoma kula, mpaka polisi wakaja na virungu. Nchi nzima ilijua jina lake. Na bado kura za nyumbani hazikutosha. Jina kubwa ni kitu kimoja, kura ni kitu kingine, na katikati yake kuna boda boda, chai ya wazee, mawakala wa vituo, na simu ambayo haipaswi kuzimwa usiku.

Mara ya tatu ndiyo iliyoshika. Desemba 27, 2002, kwa tiketi ya NARC, ule muungano wa vyama, Tetu ilimpa asilimia 98 ya kura. Januari 2003 akawa waziri msaidizi wa mazingira. Mwaka huo huo sheria ya hazina ya ustawi wa maeneobunge ikapitishwa, na kwa mara ya kwanza mbunge akawa na fungu la fedha la kujibia maswali ya barabara na madarasa. Oktoba 8, 2004, akiwa safarini kutoka Nairobi kuja Tetu, simu ikalia: Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika. Alipofika Nyeri mjini alipanda mti katika uwanja wa hoteli ya Outspan, Mlima Kenya ukiwa mbele yake.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hawezi kukosa kiti tena. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa chama cha PNU hapo hapo Tetu, akasimama kwa chama chake kidogo cha Mazingira, akashindwa tena. Miaka mitano tu tangu ile asilimia 98! Katika kikao chetu mjadala wa sehemu hii ulichukua saa nzima. Wengine walisema dunia ilimchukua, akawa wa watu wote na Tetu ikamkosa. Wengine walisema wapiga kura walitaka lami, naye akawaambia habari za misitu. Mzee mmoja aliyekuja tu kununua miche alisema wivu. Hatukuafikiana. Tunakuachia swali hilo, maana wewe ndiye utakayelijibu ukishapata kiti.

Profesa alifariki Septemba 25, 2011. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, risala bila maombi huwa ni barua ya mapenzi, kwa hiyo tunayo machache.

La kwanza ni maji. Ukitazama nyuma ya hema utaona msingi wa zege wa mviringo. Ni wa tangi tuliloahidiwa na mwaniaji mmoja, hatumtaji. Msingi ulijengwa wiki mbili kabla ya kura. Tangi halijafika, na kuku wanaoga vumbi pale juu. Hatukuombi tangi leo, maana tukikuomba leo utatoa kama mwaniaji. Tunaomba, ukifika bungeni, kamati ya hazina ya eneobunge iketi hapa hapa kijijini angalau mara moja kwa mwaka na itusomee hesabu.

La pili, utusaidie kuwabana wa Tume ya Uchaguzi walete mashine ya kusajili wapiga kura siku ya soko. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupanda matatu mara mbili kwa ajili ya kadi.

La tatu ni lako zaidi kuliko letu. Katika maeneobunge 290 ya nchi hii, wanawake waliochaguliwa mwaka 2013 walikuwa 16, na mwaka 2017 wakawa 23. Wapo watakaokuambia uende ukawanie kile kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kwamba ndicho chako. Ni kiti cha heshima. Lakini kama ni ubunge wa eneo unaoutaka, usikubali kusogezwa kama mgeni anayehamishwa meza.

Tumekuandalia zawadi: miche 20, miringa 10 na miiri 10. Kila pakiti ina namba, na namba hizo ziko kwenye daftari la mweka hazina wetu. Utaipanda nyumbani kwako au kwenye shule utakayoichagua. Baada ya mwaka mmoja tutakuja watatu, na daftari, tuhesabu iliyoshika. Chai tutajibebea.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.