Mabadiliko ya Safari ya Kambi, Grand Canyon

Ndugu wanakikundi, hamjambo.

Nimerejea Phoenix jana baada ya kukagua mahali tutakapolala, na ninawaletea mabadiliko ya safari yetu ya Ijumaa, tarehe 18 Septemba. Tutaondoka saa 1 asubuhi.

1. Ijumaa tutalala Mather, kambi rasmi ndani ya Hifadhi ya Grand Canyon. Kuna maji ya bomba na vyoo safi, ila kila eneo huchukua watu 6 tu na mahema yamekaribiana, hivyo tupunguze sauti mapema.

2. Jumamosi tutahamia Msitu wa Taifa wa Kaibab, karibu na mji mdogo wa Tusayan, ambako kupiga kambi nje ya maeneo rasmi ni bure. Huko nimependa mno: misonobari mirefu, ardhi laini iliyofunikwa na majani yake makavu, na utulivu ambao watoto wetu wa mjini hawajapata kuujua. Kwa kuwa hakuna maji wala choo, kila mtu mzima abebe lita 8 za maji, kila familia ije na koleo dogo la kuchimbia shimo la haja, na taka zote turudi nazo.

Mwinuko unapita mita 2,000, kwa hiyo usiku ni wa baridi hata Phoenix ikiwaka joto. Tafadhali wabebeeni watoto blanketi za ziada.

Mchango ni dola 40 kwa mtu mzima, umfikie mweka hazina ifikapo Jumapili, tarehe 6 Septemba. Ninawaomba mthibitishe hapa kabla ya Jumatano, tarehe 2, kwa kuandika jina, idadi ya watu na idadi ya mahema.

Ahsanteni sana.